Jiwe Alilosimamisha Caren

Celestine aliporudi kutoka Uswidi mwaka ule wa tisini na sita, hakukuta mtu nyumbani kwao aliyeweza kumwambia waziwazi kama kaka yake yu hai au amekufa.

Si kwamba walikosa la kusema. Mama yake, Roseline, alisema Fanuel yuko Tanzania anachimba dhahabu, na mchimba dhahabu hana nafasi ya kutuma salamu kila mara. Odhiambo, kaka yao mkubwa, alisema Fanuel alikufa zamani, na kwamba kila mchuuzi aliyevuka mpaka wa Isebania alikuwa amesikia habari za shimo lililoporomoka. Lakini Odhiambo aliyasema hayo pale tu mazungumzo yalipofika kwenye shamba. Caren, mke wa Fanuel, alipomwomba basi waweke matanga, mtu aliliwe na watu wapumzike, Odhiambo huyohuyo alimjibu kuwa mtu ambaye maiti yake haijaonekana haliliwi. Hivyo kwa shamba Fanuel alikuwa marehemu, na kwa matanga alikuwa hai.

Aliyeumia katikati ni Caren. Hakuwa mke, hakuwa mjane. Nyumba yake, katika boma lao la mlimani si mbali na misheni ya Asumbi, ilikuwa ikivuja, na hakuna mwanamume aliyethubutu kupanda juu ya paa lile, maana kwa mila za Wajaluo nyumba ya mtu haiguswi mpaka ijulikane mwenyewe yuko wapi. Alikuwa na binti wawili, Apondi na Awino. Kila msimu wa kulima, plau ya Odhiambo iliingia kidogo ndani ya shamba la Fanuel, na kila msimu hakuna aliyesema neno.

“Asiyekuwepo na lake halipo,” Caren alimwambia Celestine siku ya kwanza walipobaki peke yao. Hakulia aliposema hivyo. Alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa.

Celestine alikuwa mwalimu wa historia katika shule moja ya upili huko Rongo. Alipopata ufadhili wa kwenda kusoma zaidi, watu wa kwao walidhani angerudi akiwa daktari wa jambo fulani la maana. Akarudi akiwa amesomea mawe. Alipowaeleza, wengine walicheka, wengine wakamwonea huruma.

Yalikuwa mawe ya watu wa kale wa kaskazini, wale wanaoitwa Waviking. Kabla ya kusafiri, Celestine aliwajua jinsi vitabu vya shule vilivyowaeleza: maharamia wa majahazi marefu, wachoma makanisa, wapora mali. Halafu akayaona mawe yao. Yalisimama kando ya barabara, penye madaraja, kwenye mipaka ya mashamba, na mengine yalikuwa yamejengewa ndani ya kuta za makanisa. Yalikuwa yamechongwa herufi za mistari iliyonyooka, zinazoitwa runi, na maneno yalipita ndani ya mwili wa nyoka aliyejikunja kulizunguka jiwe. Profesa wake, mama mmoja mwenye nywele nyeupe na sauti ya upole, alimfundisha kuyasoma kwa kidole, herufi baada ya herufi, kama mtoto wa darasa la kwanza.

Alitarajia kusoma vita. Akakuta misiba. Jiwe baada ya jiwe lilisema karibu jambo lilelile: fulani alisimamisha jiwe hili kwa ajili ya fulani, baba yake, au mwanawe, au mumewe. Huyu alijenga daraja kwa ajili ya roho ya marehemu. Yule alifia mashariki na mwili wake haukurudi. Mengi yalikuwa na msalaba, ingawa babu za waliouchonga waliitolea miungu mingine sadaka. Walikuwa watu waliokuwa wakihama kutoka imani moja kwenda nyingine, mguu mmoja huku na mmoja kule, na Celestine, aliyekulia kati ya kengele za Asumbi na mizimu ya bibi yake, hakuhitaji kufafanuliwa hali hiyo.

Mambo mawili yalimkaa moyoni. La kwanza ni kwamba jina linalotangulia kwenye mawe yale kwa kawaida si la aliyekufa. Ni la aliyelisimamisha jiwe. Profesa alimweleza kwamba wasomi wengi huliona jiwe la namna hiyo kuwa pia ushahidi wa urithi: kila mpita njia alijulishwa nani ni ndugu wa marehemu, na kwa hiyo nani anabaki na mali. Na miongoni mwa waliotangulia kutajwa walikuwamo wanawake, wajane na mama waliofiwa na watoto. La pili lilikuwa zito zaidi. Watumwa waliolima mashamba yale walikuwapo, lakini kwenye mawe huwaoni. Jiwe lilisema alichotaka mwenye kulisimamisha. “Hata pale lisiposema uongo,” profesa alipenda kumwambia, “linajua kunyamaza.”

Akiwa huko ndipo alipopigiwa simu na mwalimu mwenzake wa Rongo kuhusu uvumi wa shimo. Hakujua aende wapi. Alipanda basi hadi kijiji kimoja alikokuwa akifanyia utafiti, akatembea pembeni ya shamba la shayiri mpaka kwenye jiwe alilolizoea, ambalo mwanamke mmoja alikuwa amelisimamisha kwa ajili ya mume aliyefia safarini. Akaweka kiganja juu yake. Jiwe lilikuwa baridi kama samaki. Hapo ndipo alipomlilia Fanuel, mbele ya mwanamke aliyekufa miaka elfu moja iliyopita.

Hayo yote alimsimulia Caren wakichambua njugu uani. Alidhani anamliwaza tu kwa hadithi ya mbali. Caren alisikiliza bila kuinua kichwa, na Celestine alipomaliza, akauliza, “Huyo mwanamke, waliwahi kumletea mwili?”

“Jiwe halisemi. Nadhani hapana.”

“Na bado akaandika.”

“Akaandika.”

Caren akazipepeta njugu, maganda yakapeperuka. “Nani alimpa ruhusa?”

Celestine alikuwa amesoma mawe mengi, na swali hilo hakuwahi kuliuliza jiwe hata moja.

“Wifi,” Caren akasema, “na mimi nataka jiwe.”

Celestine alimwambia atamsaidia, lakini kwa sharti moja. Mawe aliyoyasoma yalitaja mtu alifia wapi, na yeye hakutaka wachonge uvumi kwenye mwamba. Kwanza ijulikane kweli. Caren alikubali, na Jumamosi iliyofuata Celestine akashuka kwenda Isebania.

Mji ule wa mpakani ulikuwa umejaa malori yaliyosubiri kuvuka kwenda Sirare, upande wa Tanzania, na wabadilishaji fedha waliokaa kwenye viti vidogo kando ya barabara. Aliuliza kwao, akauliza kwa wanunuzi wa vumbi la dhahabu wenye mizani midogo ya mkono, akarudi Rongo mikono mitupu, akaenda tena. Watu waliwakumbuka wachimbaji wengi na hawakumkumbuka yule mmoja. Mwishowe mbadilishaji fedha mmoja, aliposikia jina, alimwonyesha duka la kamba na sepetu upande wa chini wa soko, akamwambia amuulize Mirumbe.

Mirumbe alikuwa Mkuria mrefu, mtaratibu wa maneno. Alimtazama Celestine kwa muda, kisha akasema ana paji la uso la Fanuel. Wakazungumza kwa Kiswahili, maana yeye alijua Kijaluo cha sokoni tu, na Celestine Kikuria hakukijua kabisa. Mirumbe alimkaribisha kwenye gunia la kamba, akamweleza jinsi ilivyokuwa.

Walikuwa wakichimba pamoja ng'ambo, mwendo mrefu kutoka Sirare, katika shimo la watu wengi lililoshikiliwa na nguzo za miti. Ilikuwa msimu wa masika. Siku hiyo Mirumbe alikuwa juu, akivuta ndoo, na Fanuel alikuwa chini na wenzake wawili. Mvua ilinyesha jana yake na udongo ulikuwa umelewa maji. Hakukuwa na kelele kubwa, Mirumbe alisema. Ilikuwa kama mtu aliyeshusha pumzi, na kamba ikalegea mikononi mwake. Walichimba siku hiyo na iliyofuata, mpaka ukuta wa pili nao ukaanza kumeguka na mkuu wa shimo akawakataza. Wakalifukia. Mchimbaji mmoja aliyekuwa mlokole akaomba dua, nao wakaondoka. Wale watatu wako mle hadi leo.

Celestine alimshukuru. Alidhani safari imeisha. Lakini Mirumbe alifunga duka, akamwambia yuko mtu ambaye lazima amwone kabla ya kurudi.

Walikwenda kwa miguu hadi nje ya mji, penye nyumba ya udongo iliyozungukwa na mihogo. Mwanamke kijana alikuwa akianika wimbi kwenye mkeka. Mirumbe alisema ni dada yake, kisha akasimama kando, kama mtu aliyemaliza sehemu yake.

“Naitwa Rael,” mwanamke akasema. Hakuinamisha macho. “Huku mimi ndiye nilikuwa mke wake.”

Celestine alisema lililokuwa la kwanza kumjia, kwamba Fanuel alikuwa na mke nyumbani.

“Najua. Alinieleza tangu mwanzo. Anaitwa Caren.”

Mtoto mdogo wa kiume alitoka ndani akiwa ameshika mdomo wa jagi kwa mikono miwili, akamwona mgeni, akajificha nyuma ya sketi ya mama yake. Celestine aliuliza anaitwa nani.

“Ogutu,” Rael akajibu. “Baba yake ndiye alimpa.”

Hapo Celestine aliketi chini bila kukaribishwa. Ogutu lilikuwa jina la marehemu baba yao.

Alirudi Rongo akiwa na kweli mbili badala ya moja. Ya kwanza angeweza kuibeba, kwa sababu alikuwa ameitafuta. Ya pili hakujua aiweke wapi. Wiki nzima alifundisha kama mtu asiyesikia sauti yake mwenyewe. Wanafunzi wa kidato cha tatu walimuuliza kuhusu kuta za Thimlich Ohinga, zile za mawe yaliyopangwa bila udongo huko Migori, wakataka kujua waliozijenga waliitwa nani. Akawajibu kwamba hawakuacha majina.

Aliwaza: anaweza kunyamaza. Hakuna mtu wa Asumbi atakayeshuka hadi Isebania kuuliza. Jiwe litasema Fanuel alifia Tanzania, mkewe ni Caren, watoto wake ni Apondi na Awino, na kila neno litakuwa la kweli. Ndipo alipotambua jinsi kazi hiyo ilivyo rahisi. Mawe yale aliyoyapenda, mangapi yalitengenezwa siku kama hii, na mtu mwenye nia njema kabisa, aliyeketi mahali akiamua nani asionekane?

Akamwambia Caren. Alimwambia yote, ya shimo kwanza, ya Rael baadaye, na jina la mtoto mwisho. Caren aliinuka akachukua mtungi kwenda kisimani, ingawa maji yalikuwepo tele. Baada ya siku ile hakusema na Celestine zaidi ya salamu. Mwezi ukapita hivyo. Celestine alifikiri amevunja kile kidogo kilichobaki.

Kisha asubuhi moja Caren aliwaacha binti zake kwa Roseline, akasema anakwenda kuuza njugu Isebania. Alilala huko, na kesho yake alipopita Rongo akiwa njiani kurudi, alimkuta Celestine kwenye nyumba za walimu, akavua viatu mlangoni, akaketi.

Hakueleza mengi. Alimkuta Rael akitwanga, akamwambia yeye ni nani, na Rael akaacha kutwanga. Walikaa. Mtoto alikuwa na masikio ya Fanuel, hakuna haja ya kubishana. Caren alitazama mikono yake.

“Alinyoa nywele,” akasema. “Siku shimo lilipoanguka. Si desturi yao, hakuna aliyemlazimisha. Fanuel aliwahi kumwambia kwamba kwetu mjane hunyoa, basi akanyoa.” Akajifuta uso kwa ncha ya leso. “Mimi sikunyoa. Sikuruhusiwa. Yeye ndiye aliyemlilia.”

Celestine akammiminia maji kwenye kikombe.

“Aandikwe,” Caren akasema. “Yeye na mtoto.”

“Umefikiri vizuri, wifi? Ukimwandika mtoto wa kiume, umempa shamba.”

“Ndiyo maana.” Caren alimkabili kwa macho makavu sasa. “Sitakudanganya kwamba ni huruma tupu. Nina binti wawili, wazee hawawahesabu, na mpaka unasogea. Mwana wa Fanuel akiwepo, plau itasimama. Lakini pia si shamba tu. Sijui niliite nini hilo lingine.”

Kikao kilifanyika nyumbani kwa Roseline. Alikuwepo baba yao mdogo, mzee mmoja mpole ambaye ndiye aliyebaki wa rika la marehemu Ogutu, na Odhiambo na Caren na Celestine. Celestine alisimulia aliyoyasikia kwa Mirumbe, kisha habari za Rael na mtoto, na Caren akaeleza jiwe analolitaka. Roseline, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango, hakutikisika. Alikuwa kama mtu anayesikiliza mvua ikiwa mbali.

Odhiambo alizungumza kwa muda mrefu. Alisema hajawahi kuona jina la mwanamke likitangulia katika boma la watu. Alisema jiwe lisilo na mwili chini yake ni uongo uliochongwa. Alisema mtoto wa mpakani anaweza kuwa wa yeyote, na jina si damu. Jina mtu yeyote anaweza kulitoa. Hakuwa akipiga kelele. Alikuwa mtu aliyemtunza mama yake miaka yote ambayo wengine walikuwa mbali, na alizungumza kama anayestahili kusikilizwa.

Alipomaliza, Roseline aliuliza jambo moja tu. “Huyo mtoto mnasema anaitwa nani?”

“Ogutu, mama,” Celestine akamjibu.

Roseline akamgeukia mwanawe mkubwa. “Odhiambo,” akasema, “mtu hampi mtoto wa njiani jina la baba yake. Fanuel alikuwa na makosa yake, nayajua yote, mimi ndiye niliyemzaa. Hilo hakulifanya.” Akavuta shuka mabegani. “Na kama alimwita mwanawe Ogutu huko, alijua huenda asirudi kumpa jina hilo huku.” Kisha akawageukia wote. “Nileteeni yago.”

Yago ni tunda refu, zito, linaloning'inia kwa kikonyo kama kamba, na Wajaluo hulizika badala ya mtu aliyemezwa na ziwa au aliyepotelea nchi za mbali. Miaka yote hiyo watu walikuwa wamemshauri Roseline alikubali tunda hilo, naye alikuwa akiwafukuza. Sasa alikuwa ameliomba mwenyewe. Caren alipiga magoti mbele ya mama mkwe wake na kuweka kichwa mapajani pake, na Odhiambo akatoka nje.

Lilibaki suala la mahali. Baba mdogo alisema yago lizikwe ubavuni mwa nyumba ya Fanuel, kama inavyopasa, lakini jiwe la maandishi si kitu cha ndani ya boma. Caren akasema hakulitaka ndani. Alilitaka kando ya barabara, pale njia ya kwenda shambani kwake inapoanzia, watu wakipita walisome. Odhiambo, aliyekuwa amerudi na kusimama mlangoni, ndiye aliyeelewa kwanza kuwa hapo ndipo penye mpaka wa shamba lake na la Fanuel. Akacheka kicheko kifupi kisicho na furaha.

Jiwe walilipata mlimani, jeusi, refu kama mtoto wa miaka kumi. Fundi alikuwa Nyabuto, Mkisii wa Tabaka, ambaye maisha yake yote alikuwa amechonga mawe laini ya kwao, na jiwe hili lilimvunjia patasi mpaka akalalamika kwamba lina kiburi. Alitaka kujua waandike lugha gani. Celestine alidhani ni Kijaluo, bila kufikiri. Caren alikataa. Alisema Rael hasomi Kijaluo na mtoto atakulia kwa wajomba zake, na wao huku hawasomi Kikuria. Liandikwe Kiswahili, kila mtu aliyetajwa aweze kujiona.

Wakaandika hivi:

CAREN AMESIMAMISHA JIWE HILI
KWA AJILI YA FANUEL OGUTU, MUME WAKE.
ROSELINE ALIMZAA.
ALIFIA TANZANIA KATIKA SHIMO LA DHAHABU. MWILI UKO HUKO.
WATOTO WAKE NI APONDI, AWINO NA OGUTU.
RAEL, MAMA YA OGUTU, ALIMLILIA WA KWANZA.
MUNGU AMREHEMU.

Nyabuto alisema maneno ni mengi mno, kwamba kwenye makaburi aliyoyazoea watu huandika jina na tarehe. Celestine alimwambia tarehe hawaijui. Nyabuto alipomaliza herufi ya mwisho, Caren alimwomba Celestine amsomee yote kwa sauti, ingawa aliweza kusoma mwenyewe. Alipofika kwenye mstari wa Rael alisita. Caren akamwambia aendelee.

Siku ya maziko watu walikuja kutoka Rangwe, Asumbi na Rongo. Yago lilivishwa shati la Fanuel, likalazwa ndani ya sanduku dogo, na katekista wa misheni, baada ya kujikuna kichwa kwa kutojua sala ipi inafaa, alichagua ile ya waliofia baharini. Rael alifika na Mirumbe, mtoto mgongoni. Minong'ono ikapita katikati ya wanawake kama upepo kwenye mtama. Roseline aliwapita wote, akamchukua mtoto, akamtazama masikio, akambeba mwenyewe mpaka kaburini.

Odhiambo alichelewa. Watu walikuwa wameshaanza kufukia alipotokea upande wa zizi, akamnyang'anya jirani sepetu, akafukia peke yake kwa nguvu kana kwamba anapigana na udongo. Alipofika katikati akasimama, akaegemea mpini, na sauti iliyomtoka hakuna aliyewahi kuisikia kwake. Alimwita Fanuel kwa jina la utotoni. Miaka yote alikuwa akisema mdogo wake amekufa, na Celestine alipomwona vile alifahamu kwamba alikuwa akilisema neno hilo kwa mdomo tu, moyo haujalisikia. Mirumbe alikwenda kusimama karibu naye. Baada ya muda wakafukia pamoja.

Kisha wanaume wakaliburuta jiwe kwa kamba na magogo hadi barabarani, wakalisimamisha.

Msimu uliofuata plau ya Odhiambo iligeukia kwenye jiwe, na hakuna aliyemwambia. Nywele za Caren zilinyolewa, paa la nyumba yake likaezekwa. Rael hakuhamia Asumbi. Alikuwa na mihogo yake na kaka yake. Lakini Ogutu alipofikisha umri wa shule, aliletwa Januari akiwa na sanduku la bati, akaandikishwa darasa la kwanza pamoja na watoto wa Odhiambo. Wapita njia waliosoma jiwe walicheka wengine, wengine walimsema Caren vibaya, na wako waliosimama mbele yake kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kusoma mistari michache. Celestine alimwandikia profesa wake habari hizo. Alichotaka hasa kumwambia ni kwamba sasa anajua ni kazi ngumu kiasi gani kuamua nani aingie kwenye jiwe, ila alipoisoma tena barua aliona maneno hayatoshi, akayafuta, akaacha yaliyotokea tu.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Alasiri ya siku ile ya maziko, wageni walipopungua, Celestine alikuwa akipeleka ndoo ya maji nyuma ya jiko aliposikia sauti. Caren na Rael walikuwa wameketi kwenye vigoda wakisugua sufuria kwa majivu. Walikuwa hawajaambiana neno siku nzima zaidi ya karibu na asante.

“Huko kwenu,” Caren alikuwa akiuliza, bila kuinua macho kwenye sufuria, “alikuwa bado anaongea usingizini?”

“Kila mara,” Rael akasema. “Sikujua Kijaluo wakati huo. Lakini nilijua anasema na ng'ombe.”

“Analima.”

“Analima. Anawakemea, anawageuza, anawaita kwa majina.”

“Hapa pia ilikuwa hivyo. Atalima shamba zima, halafu akiamka alalamike kuwa mgongo unamuuma.”

Rael akacheka, na Caren naye akacheka, kidogo tu, kupitia puani. Kisha Rael akafunika uso kwa mkono wenye majivu, na mabega yakaanza kumtetemeka. Caren aliendelea kusugua. Baada ya muda akasogeza kigoda chake karibu na cha mwenzake, akaichukua ile sufuria kutoka mikononi mwake, akaimalizia yeye.

Celestine aliiweka ndoo chini polepole isitoe sauti, akarudi alikotoka.